Kidonge cha Mtu Mmoja

Tarehe kumi na tisa Agosti mwaka jana, saa nne asubuhi, mdogo wangu Magesa alifariki akiwa amekaa kwenye benchi la wagonjwa wa nje pale Bunda. Kikaratasi cha namba ya foleni kilikuwa bado mkononi mwake. Nilikuwa nimekaa ubavuni kwake, nikidhani amesinzia. Namba ilipoitwa nilisimama, nikamvuta mkono, nikamwambia, "Haya mura, zamu yetu." Mura ndivyo tunavyomwita mwanaume ambaye si mtoto tena. Mama mmoja aliyekuwa nyuma yetu ndiye aliyeniambia, "Mwache, mama. Kaa chini."

Naitwa Bhoke. Ni fundi cherehani hapa Iringo, Musoma, na nimeshona sare za shule miaka ishirini na miwili. Shule nilisoma mpaka darasa la saba. Saratani ya mapafu ninayo mimi pia, tena mimi ndiye niliyetangulia kuugua. Naandika kwa ajili ya mtu aliyepewa vidonge kama vyangu, na nyumbani kwao kuna mwingine anayekohoa. Pole sihitaji. Pole nimeshapewa nyingi, na wengi walionipa ni walewale walionisema.

Kikohozi kilinianza wakati wa masika, miaka mitatu iliyopita. Zahanati waliniambia ni kifua kikuu ingawa makohozi hayakuonyesha kitu. Nikameza vile vidonge vyekundu miezi sita, mkojo ukawa rangi ya soda ya machungwa, na kikohozi kikabaki palepale. Nilikuwa nakanyaga cherehani napumzika, nakanyaga napumzika, kama gari bovu kwenye mlima. Desemba nilipelekwa Mwanza. Wakanitoboa mgongoni wakatoa maji kwenye mapafu, chupa mbili zilizojaa, rangi ya chai isiyo na maziwa. Wiki iliyofuata wakachukua kinyama kidogo kuliko punje ya mchele. Daktari, binti mdogo mwenye miwani, akasema kinakwenda Dar es Salaam kupimwa vinasaba.

"Kama kuna hitilafu fulani kwenye vinasaba vya huo uvimbe," alisema, "kuna kidonge kinacholenga hiyo hitilafu yenyewe. Kama haipo, tunakwenda na dripu ya dawa kali za saratani."

Nilimuuliza kama ni hitilafu ya kurithi. Akasema hapana, ni ya uvimbe wenyewe, imeanzia humo humo ndani, siyo ya ukoo. Sentensi hiyo niliisikia vizuri. Nakumbuka hata kalamu aliyokuwa ameishika. Baadaye nilijifanya sikuisikia, na ndiyo sababu naiandika hapa mwanzoni.

Tulisubiri wiki saba. Januari ndiyo mwezi wa fundi wa sare. Mwaka ule wazazi walikuja na vitambaa wakarudi navyo. Mama Juliasi, jirani yangu wa kibaraza, alichukua wateja wangu wote, na akawa anaulizia afya yangu huku anawapima watoto.

"Fundi, sema ukweli," aliniambia siku moja mbele ya watu, "ujanani hukuvutaga?"

"Sijawahi."

"Hata kidogo? Hata zile za kuvuta upande wa moto ukiwa ndani ya mdomo? Maana mapafu hayaozi hivihivi."

Watu wakacheka. Nilikuwa sina pumzi ya kumjibu. Kila mtu niliyekutana naye alitafuta kosa langu: moshi wa kuni, pasi ya mkaa, mume niliyeachana naye, dhambi. Aliyekuwa akivuta sigara nyumbani kwetu ni Magesa, tangu anachunga, na yeye alikuwa mzima kama ng'ombe dume. Alikuja kuniona akaketi mlangoni, akawasha, akakumbuka, akaizima kwa kisigino.

"Dada, ilikosea nyumba," alisema. "Ilikuwa inanitafuta mimi."

Majibu yalirudi mwishoni mwa Februari. Hitilafu ilikuwepo. Daktari akasema, "Mama, una bahati." Nililichukia hilo neno. Lakini kidonge ni kimoja tu kwa siku, asubuhi, saa ileile, na bima yangu haikukifikia.

Hapa lazima nieleze jambo la kwetu Buswahili, tulikozaliwa. Kwetu kaka na dada huunganishwa kwa ng'ombe. Ng'ombe walioletwa nilipoolewa mimi hawakukaa zizini kwa baba. Ndio waliokwenda kumwoa Nyangeta, mke wa Magesa. Kwa hiyo mimi na Magesa tulikuwa watu wa ng'ombe wamoja. Nikiwa na shida, ni yeye wa kwanza kusimama, na mke wake anatakiwa anipokee kama mtu aliyemleta pale. Magesa hakusubiri kuitwa. Alipeleka ng'ombe mnadani kila vidonge vilipokaribia kwisha, na kila mara alinieleza rangi ya yule aliyekwenda.

Nyangeta hakupenda, na simlaumu. Aliniambia mwenyewe tukiwa jikoni kwake.

"Wifi, miaka yote nimeambiwa mimi nimekujaga kwa ng'ombe zako. Nikipika ugali ukawa mbichi, ng'ombe zako. Nikizaa msichana, ng'ombe zako. Sasa wanakwenda mnadani, nimejua mimi si ng'ombe zako. Mimi nitabaki, wao wataisha."

Alikuwa anasonga ugali na mwiko uligonga sufuria kwa nguvu.

Kidonge kilifanya kazi. Wiki ya tatu nililala chali kwa mara ya kwanza baada ya mwaka, na binti yangu Vero akaja kunitikisa akidhani nimekufa. Lakini kidonge kina malipo yake mwilini. Wiki ya pili nilitoka upele usoni, kifuani na mgongoni, kama chunusi za kijana lakini unauma. Niliharisha hadi nikaacha kwenda misa ya kwanza, kwa sababu choo cha parokia kiko mbali. Kope za macho zilikua ndefu zikajikunja, zikanichoma macho. Kucha zilivimba pembeni na kupasuka. Kushika sindano ilikuwa kama kushika kaa la moto. Nilijifunza kuzifunga vipande vya kitambaa laini cha bitana na kuendelea kushona. Vero alinipaka mafuta ya mgando usoni kila jioni, taratibu, haongei. Hilo silisahau.

Kwenye jumuiya yetu ndogo, wamama walipouona uso wangu, mmoja akaniletea chai kwenye kikombe cha plastiki wakati wenzangu wana vya udongo. Nilijua wanafikiri nini, kwamba nina ukimwi. Nilikunywa nikakirudisha, na nilipotoka nikasikia kinatupwa kwenye ndoo ya taka.

Daktari nilimlalamikia upele. Akasema, "Usiogope. Kwa wengi ambao dawa inawafaa tunauonaga huo upele." Niliirudia kauli hiyo nyumbani kama tangazo. Nilimwambia Vero, nilimwambia Magesa, nilimwambia Nyangeta. Ukiona upele, ujue dawa imeshika. Daktari hakusema hivyo. Mimi ndiye niliyeigeuza.

Nilipata miezi kumi na minne mizuri. Januari iliyofuata nilishona sare kama zamani, na Mama Juliasi akarudi kushona mapazia.

Krismasi iliyotangulia Januari hiyo, Magesa alianza kukohoa. Tulicheka. Tukasema sigara. Kufika Aprili alikuwa amekonda, suruali anaifunga kwa kamba ya katani, na siku moja akatema damu kwenye majani ya zizi akaifukia kwa mguu ili Nyangeta asione. Mei nikampeleka Mwanza mimi mwenyewe, kwa daktari wangu. Naye wakamchukua kinyama. Namba ya simu wakaandika yangu, kwa kuwa kwake Buswahili simu inashika ukipanda kwenye jiwe.

"Msianze chochote mpaka majibu yarudi," daktari alisema. "Tunaweza tukahitaji dripu haraka."

Juni kikao kikaitwa Buswahili. Tulikaa sebuleni kwa baba mkubwa Wambura, viti vya plastiki vimepangwa ukutani. Magesa alikaa karibu na mlango ili akikohoa atoke.

"Bhoke," baba mkubwa alianza, "wewe umepona?"

"Sijapona, baba. Nimepata nafuu."

"Kwa dawa gani?"

"Ile ya kila siku."

"Iliyonunuliwa na nini?"

Nikaushika mkoba wangu mapajani.

"Na ng'ombe," alijijibu. "Ng'ombe wenu ninyi wawili. Sasa nieleze mimi mzee, sikusoma. Mmetoka tumbo moja. Mnaumwa pafu lilelile. Ng'ombe ni walewale. Dawa iko kwenye mkoba wako hapo. Huyu anatema damu. Anasubiri barua ya wapi?"

"Daktari alisema saratani zinatofautiana, baba. Si kila mtu..."

"Damu yenu inatofautiana?"

Nyangeta alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mgongoni. Akasema, "Mwacheni. Ng'ombe akiliwa na mwenye ng'ombe, mwingine atapewa nini?"

Magesa akasema, "Nyangeta, nyamaza." Halafu akaanza kukohoa akatoka nje, na sote tukakaa tukimsikiliza.

Sikulazimishwa. Watu wengi huandika kwamba walilazimishwa. Mimi nilikuwa na jibu, nilikuwa nimeambiwa na mtu mwenye kujua, na niliogopa kutoka kwenye kile chumba nikiwa dada mnyimi. Nilifungua mkoba. Tukakubaliana siku moja yangu, siku moja yake.

Nilirudi naye Iringo akakaa kwangu wiki mbili na siku chache. Asubuhi ya zamu yake nilikata kipande cha karatasi ya bati chenye kidonge kimoja kwa mkasi wa meno, ule wa kuzuia kitambaa kisichanike, nikampa na kikombe cha maji. Alipokuwa mdogo ni mimi niliyekuwa nikimpa klorokwini, naye alikuwa akiificha chini ya ulimi na kwenda kuitema kwa kuku. Kwa hiyo kila akimeza nilimwambia, "Fungua mdomo." Akafungua, akatoa ulimi nje kama ndama, akasema, "Ona, afisa afya." Vero alikuwa akicheka mpaka anaegemea ukuta.

Siku ya kumi na tatu akatoka upele usoni.

Sijui kama niliwahi kufurahi hivyo. Nilimshika kidevu nikamgeuza kwenye mwanga. Chunusi zilezile, pua na mashavu. Nikapiga simu Buswahili mwenyewe, nikamwambia baba mkubwa, dawa imeshika. Alipofika kwake wakachinja beberu. Nilikwenda na mimi. Watu walimshika uso mmoja baada ya mwingine, na Nyangeta aliniwekea ini kwenye sahani yangu, kitu ambacho hajawahi kufanya. Lile ini nililila.

Kwa mtu anayesoma: upele huo unaweza kumtoka mtu yeyote anayemeza hicho kidonge. Ngozi haijui hitilafu yako iko wapi. Niliambiwa hivyo baadaye.

Tangu hapo tulikutana Bunda kila wiki. Alikuwa akija kupimwa damu na kifua pale, nami nikitoka Musoma. Tulikaa kwenye kibanda cha chai karibu na stendi, nikampa vidonge vyake, wiki hii vitatu, wiki ijayo vinne, ndani ya kopo dogo la mafuta ya mgando nililolisafisha. Alilitia mfukoni, wiki iliyofuata akanirudishia tupu. Wiki ya pili niliona upele wa usoni umeanza kukauka. Nikasema mwili umeizoea. Yeye aliniuliza tu, "Na wewe, hicho kikohozi?"

"Vumbi la vitambaa."

"Nilikisikia nilipokuwa kwako. Alfajiri. Unafunika mdomo na mto."

"Kunywa chai, mura. Inapoa."

Julai, Jumatatu, nikiwa kwenye cherehani, simu ikaita. Ni daktari. Alisema majibu ya Magesa yamerudi, hitilafu niliyo nayo mimi yeye hana, na nyingine wanayoweza kuilenga hana. Kidonge hakitamsaidia. Aje Mwanza wiki hii hii aanze dripu. "Usichelewe, mama. Ya kwake inakimbia."

Nikasema asante daktari. Nikakata. Nikamalizia kola niliyokuwa naishona.

Nilikaa na ile simu siku tisa. Nimejaribu mara nyingi kujieleza kwa nini na sijapata sababu inayosimama. Nilifikiria beberu. Nilifikiria baba mkubwa akiwaambia watu. Nilifikiria ini. Nilijiambia kesho, nilijiambia nitamwambia uso kwa uso Bunda siku ya kukutana. Siku ya kukutana ikafika, tukanywa chai, nikatoa kopo nikampa vidonge vinne, nikijua. Nikamwangalia akilitia mfukoni. Siku ya tisa nilimfuata Buswahili, nikamwambia kando ya zizi, nikamwambia na siku zenyewe.

Akasema, "Basi twende huko kwenye dripu." Ndiyo yote aliyosema. Sikupata hata tusi.

Alipata dripu moja. Alirudi amechoka sana, miguu imevimba. Ile ya pili hakuifikia. Siku ya kupima damu kabla yake ndiyo ile ya benchi pale Bunda.

Nilimuuliza daktari baadaye, mlango umefungwa, kama ni zile siku tisa. Nilitaka aseme hapana. Alivua miwani akaifuta.

"Ugonjwa wake ulikuwa mkali," alisema. "Siwezi kukuambia ndizo. Na siwezi kukuambia sizo."

Namheshimu kwa hilo. Halafu akaniuliza kama mimi nimekuwa nikimeza kila siku, kwa sababu picha inaonyesha uvimbe wangu umeongezeka kidogo. Nikamwambia yote. Alinigombeza kama mtoto wa shule, na alikuwa na umri wa binti yangu. Akaniambia bado kidonge kinaweza kunishika, nirudie kila siku bila kukosa, tutazame tena picha Machi. Kikikataa, kuna kingine cha ghali zaidi, na hapo ndipo kila mtu hunyamaza.

Kwenye matanga, siku ya kutawanyika, walisema wenye la kusema waseme. Watu wakasema Magesa alikuwa mkarimu, alijua ng'ombe kwa sauti. Baba mkubwa akasema hospitali za siku hizi zinaua. Nikasimama. Nikasema hospitali ilipiga simu, na simu ilikuwa kwangu, na nilikaa nayo siku tisa.

Vero alinivuta gauni nikae. Ilikuwa imeshatoka.

Nyangeta akainuka. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa upya, kinang'aa. Hakupiga kelele kama nilivyotegemea.

"Umekula ng'ombe," alisema. "Umekula na mwanaume. Bado nini, wifi? Kuna kuku watatu pale."

Baba mkubwa akasema kuanzia siku ile ng'ombe waliobaki ni wa watoto wa Magesa, hakuna mkia utakaovuka kwenda Musoma. Hakuna aliyepinga. Hata mimi sikupinga.

Tangu hapo nimeishi kama watu wengi wenye ugonjwa huu wanavyoishi, kwa kusukuma. Nimeuza cherehani ya pili. Vero ameacha chuo kwa muda, anauza nguo za mitumba. Mama Juliasi alinichangishia sokoni, akatembeza daftari, na kila aliyetoa alielezwa kwa sauti kwamba anatoa ingawa anajua nilichomfanyia ndugu yangu. Nilipokea. Ukiumwa utapokea. Januari nilishona sare, kucha zimefungwa, na kila nilipomwona mtoto mpya kwenye sare yangu nilijua ni siku nyingine ya kidonge.

Mwanzoni mwa Februari vidonge viliisha. Siku ya kwanza bila kidonge hakuna kinachotokea. Siku ya tano nilisikia kikohozi kinabisha hodi, kama mtu anayejua nyumba. Siku ya kumi nilirudi kulala nimekaa.

Siku ya kumi na moja ilikuwa Jumamosi iliyopita. Nilikuwa kibarazani napinda sketi. Nikaona Nyangeta anavuka barabara, na khanga ya msibani, nywele zimeota kidogo. Hakuwahi kuja kwangu tangu tumzike Magesa. Mama Juliasi akasimamisha cherehani yake ili asikie vizuri.

"Shikamoo," Nyangeta alisema. Mimi ni mkubwa kwake, na hiyo hakuivunja.

"Marahaba. Karibu, wifi."

"Sikai."

Akafungua pindo la khanga akatoa kopo la plastiki lenye kifuniko cha bluu, la dawa ya macho ya ng'ombe. Akaliweka juu ya sketi, kwenye meza ya cherehani.

"Fungua."

Nilifungua. Ndani mlikuwa na vidonge vyangu, kila kimoja ndani ya bati lake, havijaguswa. Kingo za bati zilikuwa na meno, meno ya mkasi wangu. Sikuhitaji kuhesabu lakini nilihesabu. Vitatu, vinne, vitatu, vinne. Vyote nilivyompa Bunda.

"Hakumeza hata kimoja tangu arudi kutoka kwako," Nyangeta alisema. "Alikuwa anakuja nyumbani anavihamishia humu. Kopo lako anakurudishia. Usiku ule beberu alipoliwa alisema hamezi tena. Nikamwambia, meza, uso wako unaonyesha inafanya kazi. Akaniambia dada amerudi kukohoa. Nikamwambia na wewe je? Nikalia. Nikampiga, wifi. Nilimpiga mgonjwa kifuani. Akasema hizi ni za dada."

Nilitaka kusema kitu.

"Usiongee. Alisema ukiishiwa nikuletee, kwa sababu baba mkubwa atafunga mkono. Nikamwambia sileti. Nilipanga nivitupe chooni, kila siku napanga. Wewe ulikaa na simu siku tisa. Mimi nimekaa na hivi tangu Agosti."

"Nani alikuambia vimeniishia?"

"Vero alimpigia mwanangu." Akamtazama Mama Juliasi. "Na wewe endelea kushona. Humu hamna filamu."

Mama Juliasi akakanyaga cherehani bila uzi.

Kulikuwa na kikombe changu cha maji chini ya meza, kimefunikwa na sahani. Nyangeta aliinama akakichukua, akafunua, akaangalia ndani kama ni safi, akaniwekea mbele.

"Meza nikuone," alisema. "Nisije nikawa nimebeba bure."

Nikabonyeza bati, kidonge kikaniangukia kiganjani. Ilikuwa saa saba mchana, si saa yake. Nikakimeza kwa maji yote. Nilipoweka kikombe chini, nilidhani ataondoka, lakini alikuwa bado amesimama palepale, ameukunja mdomo, ananiangalia koo.

"Fungua mdomo," alisema.

Nikafungua.